Zenoni ya laki tatu na nusu: kisa cha jiwe la Kayole

Karatasi ilikuwa na mistari mitano ya namba, muhuri wa zambarau, na kichwa cha herufi kubwa: UTHIBITISHO WA VUMBI LA NYOTA, MIAKA BILIONI 7. Ilitumwa kwa WhatsApp kwa mweka hazina wa chama kimoja cha akina mama huko Kayole, pamoja na picha ya jiwe jeusi lililowekwa kando ya kiberiti ili ukubwa wake uonekane. Bei shilingi 350,000, nusu yake arubuni. Aliyeituma ni dalali ambaye wanachama wawili walimfahamu kwa mambo ya ploti. Alidai jiwe ni kipande cha kimondo kilichoanguka Thika, kwamba maabara ya ng'ambo imelipima na kukuta gesi ya nyota zilizokufa kabla jua halijazaliwa, na kwamba mnunuzi wa Dubai atalipa mara nne ya bei hiyo mwezi ujao.

Mnunuzi wa Dubai sitamchambua. Nairobi hii nani hajamsikia. Kilichonivuta ni namba. Matapeli wa mawe kwa kawaida huuza maneno, na huyu alikuwa amethubutu kuuza vipimo, tena vipimo vya isotopu za gesi adimu, jambo ambalo wanaolisoma hapa nchini ni wachache mno. Mimi nafundisha kemia, na mweka hazina aliwahi kuwa mzazi shuleni kwetu. Alinijia na ombi lililonyooka: "Mwalimu, kama huyu mtu ni mwizi tutajua wenyewe. Wewe tuambie tu hizi namba zinasema nini."

Zilisema hivi. Neoni-20 kwa neoni-22: 9.80. Neoni-21 kwa neoni-22: 0.029. Arigoni-40 kwa arigoni-36: 295.5. Zenoni-129 kwa zenoni-132: 0.98. Zenoni-136 kwa zenoni-132: 0.33.

Elementi moja huwa na atomi za uzito mbalimbali, na hizo ndizo isotopu. Zenoni ya kawaida inazo tisa. Kila mstari wa karatasi ulikuwa unalinganisha isotopu mbili za gesi moja: hii ni mara ngapi ya ile. Uwiano wa namna hiyo haubadiliki ovyo, kwa hiyo hutambulisha gesi imetoka wapi. Na uwiano wote mitano wa karatasi ile ulitoka mahali pamoja: hewani. Hewa hii hii inayopita Barabara ya Kangundo na moshi wake wa matatu. Jaza chupa hewa Kayole, Kisumu au Lamu, ipeleke kwenye mashine inayofaa, utarudishiwa namba hizo hizo.

Mweka hazina alicheka, kisha akauliza swali ambalo ndilo kiini cha kisa chote: kama zingekuwa za nyota, zingekuwa ngapi?

Hapo inabidi kueleza kwa nini watafutaji wa vumbi la nyota walianza na gesi badala ya kuangalia jiwe lenyewe. Heli, neoni, arigoni, kriptoni na zenoni hazipendi kuungana na kitu. Jua na sayari zilipokuwa zinaanza, miaka bilioni 4.57 iliyopita, silikoni, chuma na oksijeni ziliingia kwenye madini ya mawe. Gesi hizi zikabaki nje karibu zote. Ndiyo maana kimondo kina zenoni kidogo ajabu, na uhaba huo ndio faida yenyewe. Chembe iliyotengenezwa na nyota ya kale ikinaswa ndani ya kimondo, silikoni yake inamezwa na silikoni ya kawaida iliyoizunguka, na ukilipima jiwe zima huoni tofauti yoyote. Zenoni yake haimezwi, kwa sababu karibu hakuna zenoni nyingine ya kuimeza.

John Reynolds wa Berkeley, California, aliunda spektromita ya kioo, mashine ya kutenganisha atomi kwa uzito wake, iliyoweza kupima viasi hivyo vidogo. Mwaka 1960 akakuta zenoni-129 ya ziada ndani ya Richardton, kimondo kilichoanguka North Dakota mwaka 1918. Ziada ile ilikuwa mtoto wa iodini-129, atomi nururishi ambazo nusu yake huoza katika kila miaka milioni 16 hivi. Maana yake jiwe liliganda wakati iodini hiyo bado ipo. Mwaka 1964 yeye na Grenville Turner wakachapisha zenoni ya ajabu kutoka Renazzo, kimondo cha Italia cha mwaka 1824, ambayo mpangilio wa isotopu zake haukufanana na wa hewa. Kisha mwaka 1969 David Black na Robert Pepin wakapasha moto vimondo vyenye kaboni, wakaona katika hatua fulani za joto neoni-22 ikizidi kuliko chanzo chochote kilichojulikana. Baadaye ikaitwa neoni-E. Wakati huo iliaminika sana kwamba wingu lililozaa jua lilichemka hadi kila kitu kikawa mvuke na kukorogeka pamoja. Neoni-E haikukubaliana na imani hiyo, ila hakuna aliyeweza kusema imejificha ndani ya nini.

Kulitafuta hilo ficho kulichukua miaka kumi na minane, na kwa maoni yangu ni kazi ya kemia iliyo ya ukaidi kuliko zote nilizowahi kuzisoma. Edward Anders na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago waliyeyusha vimondo kwa asidi. Mwaka 1975 walionyesha kwamba Allende, kimondo cha Mexico cha mwaka 1969, kikipitishwa kwenye asidi ya hidrofloriki na ya hidrokloriki, kinabaki masalia meusi yasiyofika asilimia moja ya jiwe, na bado masalia hayo yameshika sehemu kubwa ya zenoni yake. Walichofanya miaka iliyofuata ni kuyatesa masalia, asidi baada ya asidi, wakipima gesi kila hatua kuona kama bado imo. Anders mwenyewe alikifananisha na kuchoma lundo lote la nyasi ili kuipata sindano. Mwaka 1987 sindano zikaonekana: almasi ndogo mno, za upana wa nanomita mbili au tatu, zikiwa na zenoni ile ngeni, na chembe za silikoni kabidi zikiwa na neoni-E. Mwaka 1990 ikaongezeka grafiti.

Katika zenoni ya almasi hizo, isotopu nzito 134 na 136 zimezidi, na nyepesi 124 na 126 nazo zimezidi, alama inayoelekeza kwenye mlipuko wa nyota, yaani supanova. Uwiano wa zenoni-136 kwa 132 hapo unakaribia mara mbili ya ule wa hewa. Karatasi ya Kayole ilisema 0.33. Ya hewa ni 0.33. Ndilo jibu nililompa mweka hazina: ingekuwa ya nyota, mstari wa tano ungepaswa kuelekea 0.7, tena katika masalia ya asidi, kwa sababu jiwe zima lingeifunika alama hiyo kwa gesi za kawaida za vimondo.

Neoni ina habari tamu zaidi. Sehemu ya neoni-E, ile inayotoka kwenye grafiti, ni karibu neoni-22 tupu. Nyota haitoi neoni-22 tupu. Kila inapotoa neoni hutoa mchanganyiko. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kilichoingia ndani ya chembe hakikuwa neoni. Kilikuwa sodiamu-22, ambayo kama sodiamu yoyote huganda pamoja na vitu vingine, kisha ikaoza humo ndani ikawa neoni-22, gesi isiyo na pa kutokea. Nusu ya sodiamu-22 huisha katika miaka 2.6. Fikiria maana yake. Nyota imelipuka, na kabla sodiamu haijaisha, katika miaka michache tu, vumbi limeshaganda ndani ya kile kilichotupwa nje. Muda huo ni mfupi kuliko masomo ya sekondari, na umehifadhiwa ndani ya punje isiyoonekana kwa macho.

Turudi kwenye karatasi, maana hapa ndipo ilipojishtaki. Kichwa chake kilisema miaka bilioni 7. Namba hiyo haikuzuliwa. Mapema mwaka 2020, Philipp Heck wa Field Museum, Chicago, na wenzake walitangaza umri wa chembe 40 za silikoni kabidi kutoka Murchison, kimondo kilichoanguka Australia Septemba 1969. Nyingi zilikuwa zimetangulia jua kwa chini ya miaka milioni 300, na chache zilikuwa za kale zaidi, hadi kama miaka bilioni 7 kutoka leo. Magazeti yakabeba ile kubwa, na dalali, au aliyemtengenezea karatasi, akaibeba kutoka huko. Asilolijua ni kwamba umri ule ulipatikana kwa neoni-21. Miale ya anga za mbali ikipiga chembe huvunja atomi zake, na baadhi ya vipande ni neoni-21; kadiri chembe ilivyozurura angani ndivyo neoni-21 inavyoongezeka. Kwa neoni iliyotengenezwa na miale hiyo, uwiano wa 21 kwa 22 hukaribia 0.9. Mstari wa pili wa karatasi ulisema 0.029, uwiano wa hewa tupu. Kichwa kinadai miaka bilioni 7, na mstari pekee ambao ungeweza kuubeba umri huo hauna kitu.

Ubaya wake unaenda mbali kuliko vumbi la nyota. Kimondo chochote cha mawe, hata kisicho na chembe moja ya kale, huwa kimekaa angani kikiwa mwamba mdogo kwa muda mrefu, mara nyingi mamilioni ya miaka, kabla ya kutufikia, na kinabeba neoni-21 ya safari hiyo. Kwa hiyo hata tukisahau nyota, mstari ule hauoneshi kwamba jiwe limewahi kutoka duniani.

Je, namba zilinakiliwa kitabuni, au kuna maabara kweli iliyopima? Inawezekana maabara ilipima jiwe la volkeno, ikapata hewa iliyonaswa ndani yake, ikatoa ripoti ya haki, na uongo ukaongezwa kwenye kichwa tu. Mimi naegemea kwenye kunakili, na sababu yangu ni 295.5. Hiyo ni thamani aliyoipima Alfred Nier mwaka 1950 na ambayo vitabu viliitumia kwa miongo mingi. Vipimo vya mwaka 2006 viliipandisha hadi karibu 298.6. Mtu anayepima leo hupata namba yake yenye makosa yake, 297 kutoa au kuongeza mbili, kitu cha namna hiyo. Haangukii juu ya namba ya kitabu cha zamani hadi desimali. Na katika mistari yote mitano hapakuwa na alama hata moja ya kutoa-au-kuongeza. Kipimo kisichotaja kosa lake mimi sikipokei hata kwa wanafunzi wa kidato cha pili.

Jiwe lenyewe tuliliona kwenye kituo cha mafuta, ndani ya buti la gari, limefungwa kwa taulo. Dalali alikataa lisimegwe lakini akakubali lipimwe. Kilo mbili na robo kwa mizani ya hadiwea. Tulilitumbukiza kwenye ndoo iliyojaa hadi ukingoni, tukapima maji yaliyomwagika: uzito wake ulikuwa karibu mara 2.9 ya maji. Mawe ya aina ya Thika huzidi mara 3.3. Sumaku ililivuta kinyonge, kama inavyovuta mawe mengi meusi ya volkeno yenye magnetiti. Upande mmoja uliovunjika zamani ulijaa vitundu vya mapovu, na vimondo karibu kamwe havina mapovu. Kidogo nidhani ni mavi ya chuma kutoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha vyuma, lakini fuwele nyeupe ndani ya vitundu zilinielekeza kwenye lava. Nchi hii haina uhaba wa lava. Jiji lenyewe limejengwa juu yake.

Kuhusu Thika, hadithi ya dalali ilimkata mwenyewe. Mawe yalianguka kweli Thika, tarehe 16 Julai 2011, na yameorodheshwa kimataifa kwa jina hilo, daraja la L6. Sita hiyo ndiyo neno. Inamaanisha kwamba ndani ya mwamba mama jiwe lilipashwa joto la mamia ya digrii kwa muda mrefu hadi madini yake yakajipanga upya. Almasi ndogo na silikoni kabidi hazivumilii hali hiyo. Hupungua kadiri daraja linavyopanda juu ya tatu, na kwenye sita hakuna cha kutafuta. Kwa hiyo hata kama angekuwa na kipande halali cha Thika mkononi, karatasi ya vumbi la nyota ingekuwa uongo. "Ni kimondo?" ni swali moja. "Kina vumbi la nyota?" ni lingine kabisa, na wauzaji huishi kwa kuyachanganya.

Mwenyekiti wa chama hakuridhika upesi, na nampa heshima yake. Alisema: "Mwalimu, hizi gesi za kuhesabu atomi mojamoja, si ni hadithi za Wazungu tu? Wewe unamkataa dalali kwa kitu ambacho hata wewe hujakiona." Nilimwambia aende makumbusho ya taifa pale Museum Hill. Fuvu la binadamu wa kale, KNM-ER 1470, alilolipata Bernard Ngeneo huko Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana, mwaka 1972, umri wake ulisimama juu ya arigoni. Potasiamu-40 iliyomo kwenye majivu ya volkeno huoza na kuwa arigoni-40, ikanaswa humo humo, sawa kabisa na sodiamu inavyoiacha neoni ndani ya grafiti. Na njia iliyotumika kwanza kupima majivu yale ya Koobi Fora, ya kulinganisha arigoni-40 na 39, ilitoka Berkeley kwa Merrihue na Turner mwaka 1966, mezani kwa watu wale wale wa zenoni ya vimondo. Turner wa Renazzo ndiye huyo huyo.

Akauliza kama hawakuwahi kukosea. Walikosea. Tabaka lile la majivu, linaloitwa KBS, kwanza lilipewa miaka milioni 2.6. Wengine wakapima wakapata 1.6 na 1.8, mifupa ya nguruwe wa kale ikatoa ushahidi dhidi ya ile kubwa, na ubishi ukaendelea takriban miaka kumi kabla ya kutulia kwenye milioni 1.88. Hao walikuwa na maabara zinazojulikana, majina yao yakiwa juu ya kila namba, na makosa yameandikwa kando. Karatasi ya dalali haikuwa na jina la maabara wala la mpimaji. Hapo mwenyekiti alinyamaza, akaanza kuandika.

Chama hakikulipa. Mwanachama mmoja alikuwa ameshatuma shilingi 20,000 kivyake "kushikilia nafasi", na hizo bado zinadaiwa. Suala hilo liko kituo cha polisi, na sina la kuongeza.

Wiki chache baadaye karatasi mpya ilizunguka katika chama kingine, Umoja, ikamfikia mweka hazina kwa njia ya shemeji yake. Jiwe ni lile lile, kiberiti kile kile, namba tano zile zile. Kilichobadilika ni asili: sasa lilikuwa limetoka Ivuna, Tanzania, 1938. Nikiri kwamba dalali alikuwa amesoma. Ivuna, iliyoanguka karibu na Ziwa Rukwa tarehe 16 Desemba 1938, ndiyo iliyoipa CI, daraja mojawapo la vimondo vyenye kaboni, herufi yake ya pili, na vimondo vya CI havijapashwa joto. Ni miongoni mwa vyenye almasi nyingi zaidi za kale kwa kila gramu. Ningeulizwa jiwe gani la Afrika Mashariki lina vumbi la nyota, ningelitaja hilo kwanza. Tatizo ni kwamba mawe ya CI ni tepetevu, hubomoka yakikaa majini, na hili lilikuwa limeingia kwenye ndoo yetu na kutoka zima. Tena Ivuna yote iliyookotwa ina uzito wa gramu 705.

Mweka hazina alimwandikia dalali moja kwa moja: "Ivuna yote haijai kilo. Yako ni mbili na robo. Hiyo kilo moja na nusu umeitoa wapi?"